Swali la Ishirini na Saba

Kwenye msiba wa Kastori Kalolo, mtani alifika kabla ya jeneza.

Alikuwa Mngoni mmoja mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Fulgensi Mbano kwa jina, jirani wa marehemu kwa miaka ishirini pale Tanangozi. Kama ilivyo desturi ya Wangoni na Wahehe tangu mababu walipochoka kuuana, hakupiga hodi. Alivuka ua, akamwinua shemeji wa marehemu kwenye kiti, akaketi yeye, akauliza chai iko wapi. Alipoambiwa bado, alikwenda moja kwa moja makaburini, akajilaza ndani ya shimo lililochimbwa nusu, akasema hatoki mpaka aletewe kuku, tena jogoo, si mtetea. Akaletewa. Alirudi uani amempakata yule jogoo kama mtoto, udongo mwekundu umemjaa mgongoni, na wafiwa waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakaanza kufuta makamasi na kutabasamu.

Leokadia Mfugale aliyaona yote hayo akiwa mkekani, kishikwambi mapajani. Yeye alikuja kikazi. Alikuwa muulizaji wa Ghala la Viungo, mwaka wa kumi na nne huo, na sheria ilisema maiti haiingii kaburini kabla muulizaji hajamaliza maswali yake arobaini. Huulizwa mbele ya wafiwa wote, si pembeni, kwa kuwa ndugu mmoja hudanganya lakini ndugu kumi husahihishana. Marehemu alikunywa pombe? Hakunywa. Alivuta sigara? Aliacha alipooa. Aliwahi kuugua manjano? Hapo shangazi na kaka wakabishana kidogo, wakaishia kukubaliana kwamba yalikuwa malaria.

Alikuwa hodari wa kazi ile. Mwenzake mmoja, Perpetua, alipoletwa ajifunze kwake, Leokadia alimpa somo zima kwa maneno machache: kaa chini kama wao, kunywa chai yao, wakilia nyamaza, wakicheka cheka nao. Anayecheka na wewe hakufichi kitu.

Kastori alikuwa mpasua mbao. Gogo lilimteleza likampiga kisogoni, na kesho yake akafa hospitalini bila kufumbua macho. Mwili wake ulikuwa unarudi mzima. Siku hizo hakuna aliyezikwa pungufu. Ghala lilichukua kipande kimoja tu kwa kila kiungo, cha ukubwa wa punje ya hindi, na hayo mengine yalifanyika kwenye mapipa. Kilichobaki ni maswali.

Akafika la ishirini na saba. Je, katika miezi sita iliyopita marehemu aling'atwa na mnyama yeyote?

Ndugu walitazamana. Fulgensi akajibu, jogoo yuko kwapani.

"Aling'atwa, ndiyo. Mbwa. Hapa, paja la kushoto, mimi nikiona kwa macho yangu. Miaka yote Wahehe wanawala mbwa, safari hii mbwa kamwahi."

Ua mzima ukalipuka. Utani ule ni wa siku nyingi, kila Mngoni anao mfukoni, lakini siku ile ulikuja mahali pake. Mjane mwenyewe, ambaye hakuwa ametia hata maji mdomoni tangu juzi, alijifunika kanga usoni na mabega yakawa yanatikisika, na walipomfunua wakakuta anacheka. Leokadia naye ni Mhehe. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Andika, mtani," Fulgensi akasema. "Andika mbwa."

"Nikiandika mbwa, wataniuliza mlimla na ugali au na wali. Kaa chini, mla panya wewe."

Wakacheka upya. Na huku bado anacheka, kidole chake kikagusa neno Hapana, kikateremka kwenye swali la ishirini na nane.

*

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja Daktari Nyagawa, mkuu wa Ghala, alimwita Leokadia ofisini kwake.

Ili kufika kwa daktari ilibidi kupita ukumbi wa mapipa. Kuna watu huona vibaya kupita pale; Leokadia alikwisha kuzoea. Mapipa yalikuwa ya kioo, yamepangwa mistari kama mizinga ya nyuki, na kila moja lilikuwa na maji ya rangi ya mchuzi wa kuku, vuguvugu, yakizungushwa polepole. Punje ya ini ikitiwa humo, baada ya wiki saba hugeuka ini zima. Ikikatwa tena punje, ini la pili. Hivyo hivyo mpaka Ghala liseme basi. Waliita kuchipusha. Punje ya ngozi ilitoa ngozi ya kutosha kumvika mtu aliyeungua mwili mzima, na punje ya kioo cha jicho ilitoa macho ya kutosha tarafa nzima. Wazee wa zamani walikufa wakisubiri figo moja. Sasa marehemu mmoja aliwatosha watu sitini, na watu wakasahau kwamba kinachochipuka huchipuka na kilichomo ndani yake.

Ndani ya kila chipukizi ulipitishwa uzi, mwembamba kuliko wa buibui. Chipukizi likianza kuharibika mwilini mwa mtu, Ghala liliweza kuuamuru uzi ule kutoka mbali, na chipukizi likafa papo hapo na kila kilichojificha ndani yake. Hiyo waliita kuzima. Lakini uzi wa marehemu mmoja ulikuwa mmoja. Huwezi kuzima ngozi ukaliacha ini, kama vile huwezi kuzima nusu ya jua. Na waliotunga sheria, kwa kuogopa watu wasije wakauawa na vidole vya wageni wasiojua hata jina la aliyekufa, waliandika kwamba kuzima kutafanywa kwa dole gumba la muulizaji aliyekaa kwenye msiba ule, na si mwingine. Katika miaka kumi na minne Leokadia hakuwahi kuombwa dole lake.

Daktari Nyagawa alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kupangusa meza ambayo haina vumbi. Alimwonyesha kwenye kioo cha ukutani mwanamke mmoja wa Makambako, muuza maandazi, aliyeungua mkono kwa mafuta na kuwekewa ngozi iliyochipushwa. Mwanamke alikuwa kitandani, midomo imepasuka kwa kiu. Akaomba chai. Muuguzi akaleta kikombe, na kilipomkaribia, shingo ikamkaza, macho yakamtoka, akakipangua kikombe kwa mkono, akawa analia na kuomba chai ileile.

"Ningeapa ni kichaa cha mbwa," daktari alisema. "Vipimo vya mate havioni kitu. Kirusi kikikulia kwenye pipa hubadili koti, kipimo kinapishana nacho njiani bila kukijua. Kipande cha ubongo kitakwenda maabara kuu akishakufa, majibu siku kumi. Kwa hiyo nimefungua faili la mwenye ngozi. Kastori Kalolo. Swali la ishirini na saba umeandika hapana."

Leokadia alilitazama lile neno. Lilikuwa dogo, la kijani.

Daktari akaendelea kueleza, taratibu, kama mtu anayepima dawa. Watu sitini na mmoja walikuwa na Kastori ndani yao. Thelathini na wanane walipata ngozi, mifupa au vioo vya macho. Kama ni kichaa kweli, basi chanjo imechelewa, maana chanjo hukimbizana na kirusi njiani, na hiki hakikusafiri, kilipandikizwa. Kukata kwa kisu ni kukimwaga kwenye damu. Kuzima tu ndiko kungekiua mle mle kabla hakijapanda mishipa kwenda kichwani. Wangebaki na kovu au chongo, lakini wangebaki. Ila kila siku inayopita, wengine wanavuka mstari. Na hao ishirini na watatu waliobaki walikuwa na ini la Kastori, au moyo wake. Hao, ukizima, umewazima.

"Bila kipimo, sheria inanitaka niwe na neno la faili," akasema. "Mama Edita, wewe ndiye ulikuwepo. Kuna kitu kilisemwa ambacho hakikuandikwa?"

Sasa ni lazima lisemwe jambo ambalo daktari alilijua lakini kwa adabu hakulitaja. Leokadia alikuwa na mjukuu mmoja, Twilumba, wa miaka tisa, mtoto wa Edita binti yake. Alizaliwa na ini bovu, akakua manjano kama embe dodo, tumbo mbele. Zamu yake ilipofika, Leokadia kama mfanyakazi aliruhusiwa kuchagua chipukizi la mtu anayemjua. Alipitia mafaili yake wiki nzima. Alimchagua Kastori, kwa kuwa hakunywa, hakuvuta, na mkewe alisema hakuwahi kumpandishia sauti.

"Ni kama nilivyoandika," Leokadia alisema.

*

Hakwenda nyumbani. Alikwenda Tanangozi.

Njiani alijipa moyo kwa hoja moja: yule ni mtani. Mtani huzusha, ndiyo kazi yake. Kama kila Mhehe aliyesemwa na Wangoni kwamba kaumwa na mbwa angekuwa kaumwa kweli, Iringa ingebaki na mbwa watupu. Alitaka kusikia mwenyewe kutoka kinywani mwa Fulgensi kwamba ulikuwa mzaha. Neno moja tu, halafu arudi akalale.

Alimkuta kwenye kichaka chake cha mianzi, na kisu kidogo cha kugemea. Alikuwa akikata ncha za machipukizi, ukataji wa kama unywele, na kila alilomaliza kukata alilifunga mbeta, kopo la mwanzi, mdomoni lidondokee humo. Alimwona Leokadia, akaanza palepale.

"Kamwene, mtani. Umekuja kunywa au umekuja kuiba? Jifiche vizuri, mbwa wangu akimwona Mhehe anazimia."

Leokadia hakujibu utani. Fulgensi akalitambua hilo, akashusha kisu. Leokadia alimuuliza juu ya lile paja la kushoto.

Mzee alimalizia kufunga mbeta aliyokuwa nayo. Kisha akaeleza. Mbwa hakuwa wa mtu. Alikuja kutoka upande wa msituni, anatembea upande upande, mate yananing'inia. Kastori alikuwa anapita na mzigo wa mbao kichwani, hakuweza kukimbia. Fulgensi ndiye aliyempiga yule mbwa kwa mti. Mbwa alikufa siku ya tatu chini ya daraja. Kastori aliosha jeraha kwa sabuni, akasema atakwenda zahanati Jumatatu, Jumatatu kukawa na lori la kupakia.

"Kwa hiyo ulisema kweli," Leokadia alisema.

"Nilisema kweli. Nikakwambia uandike. Mara mbili."

"Ulisema kwa kuchekesha."

"Mimi ni mtani, mama. Nina mdomo mmoja tu. Ningesema vipi?" Alifuta kisu kwenye suruali. "Halafu yule mjane akacheka. Hakuwa amecheka, hakuwa amekula. Nikasema moyoni, muulizaji ana akili zake, atakuwa ameandika. Nikamwacha mjane acheke."

Leokadia aliketi kwenye gogo. Fulgensi alimtazama, akalitazama chipukizi lililokuwa mkononi mwake, na kwa sauti ya mtu anayesema mambo ya mianzi tu akasema ukigema chipukizi moja kwa kisu kichafu, usishangae kichaka chote kikioza. Akauliza kama aende Ghala akaseme mwenyewe. Leokadia akamwambia hapana, neno hilo atalipeleka yeye.

"Lipeleke," Fulgensi alisema. "Mimi nikienda, nikifungua mdomo tu, watacheka."

*

Edita na mwanawe walikaa Kihesa, nyumba ya bati la bluu. Leokadia alifika jioni hiyo na begi la nguo, akasema amepata likizo.

Twilumba alimpokea kwa matusi, kama siku zote. Bibi na mjukuu ni watani, hilo nalo halina mjadala, na hawa wawili walikuwa maarufu mtaani. Mtoto alimwita bibi yake mke mwenza, wakigombea marehemu babu ambaye Twilumba hata hakumwona. Alimwambia mke mwenza umezeeka, mume atakuacha. Na Leokadia, kama siku zote, alimkamata mkono, akavitia vidole vyote mdomoni, akajifanya anavitafuna kwa ufizi, akisema leo nimekosa nyama, nitakula hii hii ya mwizi wa waume. Mtoto alipiga kelele za furaha mpaka jirani akachungulia, akasema bibi mwache, utamng'ata kweli.

Halafu Leokadia akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Twilumba akayanywa yote, akapiga kwikwi, akaomba mengine.

Leokadia akamjazia tena mpaka ukingoni.

Kesho yake asubuhi akampa tena. Akanywa. Jioni akanywa. Mtoto alikuwa na ngozi laini sasa, macho meupe pe, na alikuwa amejifunza kuruka kamba mwaka huo tu, kwa sababu zamani tumbo lilimzuia. Leokadia alikaa kizingitini akimhesabia. Kila kikombe kilichokwenda chini alikifanya hoja. Labda ini lina nguvu kuliko ngozi. Labda punje yake ilikatwa upande safi. Labda Mungu ameona nimeteseka naye miaka minane. Alikuwa mwanamke wa sala, na alisali akiwa ameshika kikombe.

Simu ya daktari ililia siku ya tatu. Mwanamke wa Makambako amekufa. Walimfunga kamba mwisho wake, maana alikuwa anauma watu. Fundi mmoja wa Mafinga aliyewekewa kioo cha jicho ameanza kukwepa upepo wa feni. Daktari aliuliza tena kwa upole kama kuna lolote alilokumbuka. Leokadia alisema hakuna. Siku ya nne wagonjwa wakawa wanne. Siku ya tano, kumi na mmoja, na miongoni mwao mwalimu aliyewekewa kipande cha mfupa wa goti tu, kisichozidi kijiti cha kiberiti, ambaye alimng'ata mwanawe aliyekuwa akimnywesha uji. Daktari hakuuliza tena, alitoa habari akakata. Leokadia aliwajua wengi wa watu hawa kwa majina, alikuwa ameyaona kwenye orodha. Aliyatandika majina yao upande mmoja wa mizani ya moyo na kikombe cha bati upande wa pili, na kila mara kikombe kilizama zaidi.

Mtu asiseme hakujua alichokuwa anafanya. Alijua. Usiku ule wa tano alifikia hata kusema kwa sauti, peke yake, kwamba wale wana ndugu zao wa kuwalilia.

Asubuhi ya siku ya saba, Twilumba alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni, akasita. Akakishusha. Akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyesahau jina la mgeni.

"Bibi," alisema, "maji yananiangalia."

Hakumwita mke mwenza.

*

Saa tano na nusu mtoto alikuwa hospitalini, amechomwa sindano ya usingizi, mama yake amemshika mguu. Saa sita kasoro Leokadia alikuwa mbele ya Daktari Nyagawa. Hakuketi. Alisema yote kwa mfululizo, kama anavyosoma maswali yake: mbwa, paja la kushoto, mate, daraja, mtani, kicheko.

"Umelijua lini?" daktari akauliza.

"Siku uliponionyesha mwanamke wa chai, nilikumbuka. Jioni yake nilihakikisha."

Mkono wa daktari, uliokuwa unapangusa meza, ulisimama. Akavuta orodha. Kati ya wale thelathini na wanane wa ngozi na macho na mifupa, ishirini na tisa walikwisha kuanza dalili. Kwa hao kuzima kusingesaidia tena, kirusi kilikuwa kichwani. Tisa walikuwa bado. Alizisoma namba hizo bila kupandisha sauti, na Leokadia angepokea kofi kwa shukrani kuliko sauti ile.

"Na mbona leo?" akamuuliza. Halafu alilitazama jina moja kwenye orodha, akajijibu mwenyewe. "Ameanza."

"Amelala sasa hivi. Nataka aende akiwa amelala. Asije akafungwa kamba."

"Kwa hiyo hukuja kwa ajili ya hawa tisa."

Leokadia alifikiri kusema uongo. Alikuwa amechoka.

"Hapana," alisema.

Daktari alimsogezea kishikwambi. Alisema hana muda wa kumlaani, labda Jumapili. Alisema pia, kwa kuwa ndiyo sheria na ilimlazimu kuisema, kwamba jina la mwenye dole halitatajwa kokote, si mahakamani wala kwa familia.

Orodha ilikuwa na majina sitini, yule wa Makambako amekwisha kuondolewa. Kila jina lilikuwa na nukta ya kijani. Jina la Twilumba lilikuwa katikati ya sista mmoja wa Tosamaganga aliyepewa moyo na dereva wa trekta aliyepewa ini. Sista alikuwa bukheri wa afya. Dereva vilevile, saa ile alikuwa shambani, injini inanguruma. Leokadia alilikazia macho jina la mjukuu wake ili walau asimwache aende peke yake, akaweka dole. Kioo kilikuwa baridi. Nukta ziligeuka majivu zote pamoja, na alipopepesa jicho hakujua ya mtoto ilizimika ya ngapi.

Simu yake ikalia. Ni Edita, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mama, njoo uone. Homa imeshuka. Amepoa kabisa."

*

Twilumba alizikwa siku ya tatu yake. Sheria ni sheria: hata maiti ambayo Ghala halitaichukua punje, hairuhusiwi kuingia kaburini bila maswali arobaini, ili daftari lisiwe na tundu. Muulizaji aliyetumwa alikuwa Perpetua. Alikaa chini kama wao, akanywa chai yao. Watu walikuwa wamekauka kwa kilio. Msiba wa mtoto hauna mazungumzo. Edita alikuwa ameegemea ukuta, macho hayatazami kitu.

Fulgensi Mbano alikuja kwa miguu kutoka Tanangozi. Safari hii alipiga hodi. Alikaa karibu na mlango, kofia mkononi, na walipomwambia mtani, mbona umenyamaza, msiba unatushinda, alitikisa kichwa tu.

Perpetua alisoma maswali kwa sauti ya chini, wakajibu shangazi na majirani. Alipofika la ishirini na saba alilisoma upesi, kama mtu anayeruka dimbwi. Je, katika miezi sita iliyopita marehemu aling'atwa na mnyama yeyote?

"Aling'atwa," Leokadia alisema.

Watu waligeuka. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, miguu imenyooshwa, kanga imemteremka kichwani.

"Aling'atwa na bibi yake," akasema. "Mimi. Nilimtafuna siku saba, vidole kwanza, nikammaliza. Andika, Perpetua."

Halafu yule jirani wa upande wa pili, ambaye alikuwa amewachungulia mara nyingi kupitia uani, akatoa kicheko cha puani kilichochanganyika na machozi. Akasema kweli jamani, alikuwa anamng'ata huyu, tulikuwa tunamsikia mtoto anavyopiga kelele, na bibi akimwita mwizi wa waume. Akacheka na mwingine. Kikapita jamvi zima, kicheko cha watu waliokuwa wanangoja mlango ufunguliwe, na mwanamke mmoja akamkumbatia Leokadia akisema bibi huyu, hata leo hamwachi mke mwenzake. Edita, ukutani, aliinua uso. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mwanawe afe, akacheka.

"Andika," Leokadia alisema tena. "Ni kweli."

Wakacheka zaidi. Alipeleka macho mlangoni. Fulgensi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Edita, jinsi anavyocheka, akaiinamia kofia yake.

Perpetua alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, mabega yakimtikisika kama ya wengine, kama alivyofundishwa. Akagusa Hapana, akashuka kwenye swali la ishirini na nane.